Shule ya Jumamosi iliyomkatalia kaka yangu mlangoni: maoni yangu baada ya mihula mitatu

Mihula mitatu imetimia tangu niwahamishie watoto wangu kwenye shule hii ya Jumamosi, ya Kiswahili na hisabati, na wazazi kadhaa wameniuliza ikoje. Naandika mara moja ili nisirudie kwa kila mmoja. Jina la shule na mtaa ilipo sitaviweka. Humu nitaeleza watoto wanaingia saa ngapi, nani anasimama mlangoni na nani anaruhusiwa kuwachukua. Maelezo hayo yakikutana na anwani, sitaki yawe mikononi mwa mtu nisiyemjua.

Tunaishi Uingereza. Binti yangu ana miaka 16, kamaliza mitihani yake ya GCSE, ile ya kitaifa ya umri huo, kiangazi hiki. Mdogo wake wa kiume ana miaka 9, ana pumu, na ni mtoto wa kukimbia kwanza halafu kuangalia. Mimi nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, na Jumamosi nyingi nipo zamu, simu yangu imefungiwa kabatini. Nikimwacha mtoto mahali saa nne, nimemwacha kweli. Hadi saa nane mchana sijui lolote mpaka aliyenaye anitafute kazini. Kwa hiyo shule hii niliipima kuanzia hapo, na habari za alama za mtihani zilikuja baadaye.

Mlango unaotumika ni mmoja. Pembeni yake kuna meza, na hapo anakaa mama mtu mzima ambaye watoto wanamwita Bibi Daftari. Daftari lenyewe ni kubwa, la jalada gumu, na kalamu imefungwa kwa uzi isipotee. Kila mtoto ana ukurasa wake, kwa hiyo ninapotia saini sioni habari za mtoto wa mwenzangu. Bibi amepiga mistari kwa rula: saa aliyofika, aliyemleta, saa aliyoondoka, aliyemchukua, saini. Mwishoni kuna safu nyembamba anayoijaza mwenyewe kwa neno moja au mawili, jinsi alivyomwona mtoto anaingia. Kwenye ukurasa wa mwanangu nimesoma "kikohozi", "mchangamfu", "hajala", "alikuwa analia akanyamaza". Siku ya "hajala" nilipigiwa simu kazini kabla ya saa tano kuulizwa kama nyumbani kuna tatizo. Hapakuwa na tatizo, tulichelewa kuamka tu. Lakini mtu aliangalia, akaandika, akauliza.

Sasa la kaka yangu, maana ndilo wengi wamelisikia nusu nusu.

Alikuja kututembelea mwezi wa kumi na moja. Jumamosi hiyo mwenzangu wa zamu ya mchana hakutokea, nikaombwa niendelee, nikamwomba kaka akamchukue kijana. Shuleni sikutoa taarifa. Ilinitoka akilini kabisa. Kaka akafika saa nane kamili. Mtoto alipomwona akapiga kelele "Mjomba!" akamrukia mkononi. Kaka akaamkia vizuri, shikamoo mama. Bibi akaitikia marahaba baba, akamuuliza yeye ni nani wa mtoto. Akajibu ni mjomba wake, tumbo moja na mama yake. Bibi akafungua ukurasa, akaweka kidole chini ya majina mawili yaliyopo, langu na la jirani yangu. "Humu haumo, mwanangu. Karibu kiti upumzike, lakini mtoto simtoi."

Kaka akamwonyesha picha zetu kwenye simu, na kitambulisho chenye jina la ukoo lile lile. Bibi akavitazama kwa heshima zote na hakubadilika. Mwalimu mwingine akamrudisha mtoto ndani kwa wenzake wawili waliokuwa bado wanasubiri. Wakanipigia, simu iko kabatini. Wakampigia jirani, hakupokea. Ndipo wakapiga namba ya mezani ya kazini, ambayo siku ya kumsajili mtoto walikataa kupokea fomu mpaka niiandike. Nikatafutwa ghorofa ya juu nikiwa na glavu mikononi. Bibi akaniuliza neno letu la siri, nikalitaja, akaniuliza jina kamili la kaka na amevaa nini. Dakika 35 zilipita tangu kaka afike hadi akatoka na mtoto.

Jioni kaka alikuwa ameumia. Alisema amesimamishwa mbele za watu kama mwizi, yeye mjomba mtu. Nilimwelewa, na nakiri kwamba mimi mwenyewe nilikasirika. Kwetu mjomba haombi ruhusa ya kumshika mkono mpwa wake. Jumamosi iliyofuata nilikwenda na maneno yangu tayari.

Mwalimu mkuu alinikaribisha ofisini, akaniacha niseme hadi nikamaliza. Kisha akasema jambo ambalo sijaacha kulifikiria. "Dada, mtoto kumkimbilia kunatuambia anamjua. Hakutuambii kama wewe umemtuma." Akaniambia wapo watoto pale ambao mahakama imeshaamua nani asiwachukue, na mtu huyo mtoto anampenda, atamkimbilia vile vile. Akaniambia pia, na hili nilikuwa nalijua ila sikuwahi kulitazama usoni, kwamba watoto wengi wanaodhuriwa hudhuriwa na watu wanaowafahamu. Kama Bibi angemwachia kaka kwa sababu ana sura ya upole na salamu nzuri, angekuwa amempima kwa upole na salamu. Siku akija mwingine mwenye vyote viwili, angempima kwa nini?

Tulimwongeza kaka kwenye ukurasa siku hiyo hiyo. Alirudi Pasaka, akamchukua mpwa wake, akatia saini yake kwenye mstari wa tatu. Bibi alimsalimia kwa jina.

Kuna sababu nyingine iliyofanya jambo lile linishike, nayo ni tulikotoka. Awali watoto walikuwa kwenye kituo cha twisheni ambacho wengi wetu tulikisifia, na mimi nikiwemo. Masomo yalikuwa mazuri, bila ubishi. Usiku mmoja binti yangu, akiwa na miezi michache kabla ya kutimiza 16, alikuja chumbani kwangu na simu yake. Mwalimu wake wa hisabati, kijana, alikuwa amemwandikia saa nne na dakika arobaini usiku. "Umelala?" Chini yake: "Leo ulikuwa kimya darasani, niambie mimi kuna nini." Hapakuwa na tusi wala neno la mapenzi. Binti akaniuliza, "Mama, nimjibu?" Namshukuru Mungu aliuliza.

Kesho yake nilimwendea mwenye kituo. Akaniambia huyo kijana wanamfahamu, ni mtu wa ibada, watoto wanampenda, na mimi nisilikuze jambo. Nikamuuliza kama wana utaratibu wowote ulioandikwa kuhusu mwalimu kumwandikia mtoto moja kwa moja. Akajibu, "Sisi hapa tunaaminiana." Nikamuuliza mzazi mwenye wasiwasi anapeleka kwa nani. Kwake. Na kama wasiwasi wenyewe unamhusu yeye? Hakuwa na jibu. Niliwatoa watoto wiki hiyo. Nikapiga simu ya NSPCC, shirika la hisani la kulinda watoto, 0808 800 5000, kuuliza kama nazidisha. Hawakunicheka wala kuniharakisha. Waliniambia kila halmashauri ina afisa maalumu wa kupokea wasiwasi kuhusu watu wazima wanaofanya kazi na watoto, kwa Kiingereza anaitwa LADO, na kwamba sihitaji kuwa na uhakika wa kosa ndipo nizungumze. Nikaripoti. Yaliyofuata huko hayakuwa yangu kuambiwa.

Baada ya hapo nilianza kusoma, na nilichokikuta kilinitisha. Nilikuwa nadhani kila mahali panapofundisha watoto nchini humu panakaguliwa kama shule. Sivyo. Twisheni, shule za lugha za wikendi, madrasa, shule za Jumapili, vilabu vya michezo, vingi vya aina hii havilazimiki kusajiliwa na Wizara ya Elimu, na Ofsted, wakaguzi wa shule, wanahusika au hawahusiki kutegemea umri wa watoto, saa wanazokaa na aina ya shughuli. Wizara ilitoa mwongozo wa usalama kwa vituo hivi Oktoba 2020, na upo mwingine wa wazazi wenye maswali ya kuuliza kabla ya kuandikisha mtoto. Ni mwongozo mzuri, mfupi, unasomeka. Lakini ni wa hiari. Kituo kinaweza kuuacha mezani na kikaendelea kupokea watoto.

Lililoniuma zaidi ni hili. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 2003 inamkataza mwalimu wa shule kujihusisha kimapenzi na mwanafunzi wake wa miaka 16 au 17, hata kama mwanafunzi amekubali, kwa sababu mwalimu ana mamlaka juu yake. Juni 2022 katazo hilo likapanuliwa kwa wanaofundisha michezo na dini. Mwalimu wa hisabati wa masomo ya ziada hakutajwa katika nyongeza ile. Binti yangu alikuwa karibu kutimiza 16, na aliyekuwa anamwandikia usiku alikuwa mwalimu wa hisabati.

Kwa hiyo nilipokuja kuitazama shule hii nilikuja na maswali, na sikuficha. Mwalimu mkuu alinipa karatasi ya kurasa mbili kabla sijamaliza la pili. Mwalimu haandikiani na mtoto binafsi. Ujumbe wowote kwa mtoto wa sekondari unapita kwenye kundi ambalo mzazi na mwalimu mwingine wamo, na baada ya saa moja jioni hakuna anayeandika. Msimamizi wa usalama wa watoto ni mwalimu mwingine, si mwalimu mkuu, na chini ya jina lake kuna la mjumbe wa kamati asiyefundisha, kwa ajili ya malalamiko yanayowahusu hao wawili. Chini kabisa kuna simu ya halmashauri, ya NSPCC, na ya Childline, 0800 1111, ambayo mtoto anapiga mwenyewe bila kupitia kwetu. Hiyo ya Childline wameibandika pia ndani ya milango ya vyoo, kwa kimo cha mtoto, mahali anapoweza kuisoma bila kuonekana.

Nilimuuliza kuhusu vyeti vya DBS, vya ukaguzi wa rekodi za uhalifu, kama kila mzazi anavyouliza. Wanavyo wote, na wa kujitolea pia. Lakini alinieleza kitu ambacho kituo cha kwanza hakikunieleza, na kule vyeti vilining'inia ukutani kwenye fremu. Cheti cha DBS hakina tarehe ya kwisha. Kinaonyesha kilichojulikana siku kilipotolewa, basi. Mtu ambaye hajawahi kuripotiwa, cheti chake ni safi. Ndiyo maana wao hupiga simu kwa wadhamini wawili na kuzungumza nao, wala hawatosheki na barua. Mwalimu mgeni hukaa muhula wa kwanza darasani na mwenzake.

Madarasa yote yana milango yenye kioo. Mwezi wa pili nilipita darasa la wadogo nikakuta kioo kimefunikwa na michoro ya watoto, vipepeo na nyumba, kimejaa kabisa. Michoro mizuri, ila kutoka nje huoni ndani. Nilisita kusema, nikaona nitaonekana mkorofi. Nikasema. Msimamizi hakujitetea. Alichukua kiti, akapanda, akaanza kubandua mchoro mmoja mmoja taratibu asiichane, akaihamishia ukutani mimi nikimshikia gundi. Jumamosi iliyofuata palikuwa na mstari wa utepe mwekundu kuzunguka kioo na maandishi: "Hapa tusibandike kitu." Kama kuna kitu kimoja kilichonifanya nibaki, ni dakika zile kumi za kushika gundi.

Nidhamu. Kwenye kikao cha wazazi baba mmoja, kwa nia njema kabisa, aliwaambia walimu, "Huyu wangu akiwasumbua mchapeni tu, mimi nimeruhusu, mwalimu ni mzazi." Wengi walitikisa kichwa kukubali, ndivyo tulivyolelewa. Mwalimu mkuu akajibu kwamba hapo mtoto haguswi, hata mzazi akiruhusu kwa maandishi. Tukabishana nusu saa. Nilijifunza kwenye ubishi huo kwamba fimbo iliondolewa shule za serikali hapa mwaka 1987, na shule binafsi za England na Wales mwaka 1999. Uskoti ilifuta kabisa utetezi wa "adhabu ya kiasi", ule anaoutumia mtu mzima aliyemchapa mtoto, Novemba 2020, Wales Machi 2022. England, tunakoishi sisi, bado haijafuta, na vituo vya saa chache kama hiki vilibaki kwenye upenyo huo. Kwa maneno mengine hakuna katazo la wazi kama lile la shule linalowabana. Wamejikataza wenyewe. Yule baba hakuridhika siku ile, lakini mtoto wake bado yupo, na nimemwona akimsubiri mlangoni kila wiki.

Sasa yasiyonipendeza, maana yapo.

Jengo ni la kukodi na vyoo wanavitumia na watu wengine wanaokodi ukumbi wa chini. Wadogo wanasindikizwa na mtu mzima anayebaki nje ya mlango, lakini wa miaka 10 na kuendelea wanakwenda wawili wawili bila mtu. Nimekuta mwanamume wasiyemfahamu akinawa mikono humo saa tano asubuhi. Nimeandika malalamiko mara mbili. Wanasema wanazungumza na mwenye jengo kuhusu kufunga vyoo vya ghorofa ya juu kwa ajili ya watoto peke yao. Hadi naandika haya hawajafikia mwisho.

Dawa. Wiki ya kwanza inhela ya mwanangu iliwekwa kwenye kabati lenye kufuli pamoja na dawa nyingine, na ufunguo ulikuwa kwa mtu mmoja ambaye saa sita alitoka kwenda kununua karatasi. Walidhani kufungia ni usalama. Kwa dawa nyingi, ndiyo. Kwa inhela ya kupunguza shambulio la pumu, dakika za kutafuta ufunguo ni dakika za mtoto kukosa pumzi. Sasa iko kwenye mfuko mwekundu unaoning'inia karibu na mwalimu, jina lake limeandikwa, na unamfuata hata uwanjani. Nilipaswa kulidai mimi, na hilo sikulipenda.

Picha pia. Mwezi wa tatu mtu aliweka kwenye kundi la wazazi picha za maonyesho ya Kiswahili, watoto wamevaa beji zenye majina kamili. Zilikaa siku nne kabla ya kuondolewa. Fomu za ruhusa ya picha zilikuwepo, hakuna aliyezitazama. Baadaye waliweka utaratibu kwamba anayepiga picha ni mmoja, kwa simu ya shule.

Kuhusu masomo yenyewe: Kiswahili ni kizuri sana. Mwanangu alikuja hapo akisema "kitabu yangu", sasa ananisahihisha mimi upatanisho wa ngeli mezani. Hisabati ya wakubwa ni ya kawaida. Binti alisema kule tulikotoka mwalimu alieleza vizuri zaidi, na ni kweli, sitadanganya. Mwaka huu alisoma zaidi peke yake. Aliketi chumba cha mwisho wa korido, mlango wazi, na alirudi nyumbani akiongea. Kwa miezi ya mwisho kule kwingine alikuwa anarudi kimya na mimi nilidhani ni uchovu wa mitihani.

Nafasi za watoto wa miaka 7 hadi 11 zimejaa na wana orodha ya kusubiri. Za sekondari zipo. Ukienda, watakuomba vitambulisho, namba mbili za simu pamoja na ya kazini, na neno la siri. La kwetu mwanangu alilichagua mwenyewe, na hata dada yake hajaambiwa.

Anayetaka jina la shule anipigie. Nikikufahamu, nitakupa.